Kujitolea katika utafiti wa Parkinson: ni utafiti wa aina gani unaokufaa?

Mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba ana ugonjwa wa Parkinson, au anayemuuguza mzazi au mwenza wake, mara nyingi hufika mahali akauliza kama naye anaweza kuchangia chochote katika kutafuta tiba. Swali hilo ni jema, lakini jibu lake si moja, kwa sababu tafiti zinazohitaji watu wa kujitolea hazifanani hata kidogo. Moja inaweza kukuomba nusu saa ya kujibu maswali ukiwa umekaa barazani kwako, na nyingine ikakuomba ukubali kutobolewa tundu katika fuvu la kichwa.

Haja ya watu hao ni kubwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, ambao huua polepole seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo, hata mgonjwa akaanza kutetemeka, kukakamaa, kuwa mzito wa mwendo na kupoteza uthabiti wa mwili. Levodopa, dawa iliyoanza kutumika katika miaka ya 1960, bado ndiyo tegemeo kuu, nayo hupunguza dalili bila kuusimamisha ugonjwa wenyewe. Hadi leo hakuna dawa iliyothibitishwa kwamba inauzuia usiendelee, na haitapatikana pasipo watu wa kuijaribu.

Makala haya yanalinganisha aina tano za kujitolea: utafiti wa uchunguzi na ufuatiliaji, utafiti wa vinasaba, majaribio ya dawa na upasuaji, majaribio ya mazoezi, na ahadi ya kutoa ubongo baada ya kufa. Mtu anaweza kushiriki zaidi ya aina moja katika maisha yake, lakini mpangilio una maana, kwa sababu baadhi ya tafiti hufunga milango ya nyingine, na mlango ukishafungwa huenda usifunguke tena. Hilo ndilo jambo ambalo wengi huligundua wakiwa wamechelewa, na ndilo nitakalolirudia kila mahali linapohusika.

Vigezo vya kulinganisha

Kila aina itapimwa kwa vigezo vitano. Cha kwanza ni unachotoa, yaani muda, nauli, damu, maji ya uti wa mgongo, au siri za afya ya ukoo mzima. Cha pili ni hatari na usumbufu. Cha tatu ni unachopata wewe mwenyewe, si kile kitakachopatikana kwa vizazi vijavyo. Cha nne ni uwezekano wa kujitoa, pamoja na athari za ushiriki wako kwa nafasi nyingine za baadaye. Cha tano ni aina ya mtu anayefaa.

Yapo mambo mawili ambayo ni ya lazima kwa aina zote. La kwanza ni ridhaa: unapaswa kuelezwa kwa lugha unayoielewa, upewe nafasi ya kwenda kushauriana na familia, utie saini bila kushurutishwa, na uwe huru kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu na bila matibabu yako ya kawaida kuguswa. Msingi huo uliwekwa katika Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964. La pili ni kibali. Tanzania, utafiti wa afya huhitaji kibali cha maadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ndiyo yenye dhamana hiyo kitaifa. Majaribio ya dawa huhitaji pia idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kenya, kazi hiyo hufanywa na kamati za maadili zinazotambuliwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kwa dawa, Bodi ya Dawa na Sumu. Mtafiti asiyeweza kukuonyesha kibali chake hastahili hata tone la damu yako.

Utafiti wa uchunguzi na ufuatiliaji

*Unachotoa.* Katika utafiti huu hupewi dawa mpya. Watafiti wanataka kujua ugonjwa uko wapi, unampata nani na unakwendaje. Mfano wa karibu nasi ni ule uliofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, ambako wadadisi walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu wapatao 161,000, wakiuliza maswali ya uchunguzi, na waliodhaniwa kuwa na dalili wakapimwa na daktari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: walipatikana wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa kwamba walichonacho ni Parkinson. Walikuwa wakiishi na ugonjwa usio na jina, wengine wakidhaniwa kuwa ni wazee tu. Kwa mshiriki, gharama ya utafiti huo ilikuwa ni saa chache za kuketi na wageni na kuwajibu.

Upande wa pili wa aina hii hiyo ni utafiti mkubwa wa PPMI, ulioanzishwa mwaka 2010 na wakfu wa Michael J. Fox, mwigizaji aliyegunduliwa kuwa na Parkinson mwaka 1991 akiwa bado kijana. Humo mshiriki hufuatiliwa kwa miaka mingi, akitoa damu, akipimwa uwezo wa kunusa, akipigwa picha za ubongo, na mara kwa mara akitolewa maji ya uti wa mgongo. Ni ahadi ndefu, inayomtaka mtu aliye na nafasi na aliye karibu na kituo.

*Hatari na usumbufu.* Kwa maswali na vipimo vya kutembea, hatari ni ndogo mno. Kutolewa maji ya uti wa mgongo kunaweza kuleta maumivu ya kichwa ya siku kadhaa, na picha za ubongo zinazoonyesha hali ya dopamini hutumia kiasi kidogo cha mionzi. Usumbufu ambao fomu nyingi haziusemi ni wa moyoni: kupimwa kila mwaka na kuona alama zako zikishuka ni jambo zito, na yafaa ujiulize mapema kama ungependa kuonyeshwa alama hizo au la.

*Unachopata.* Mara nyingi ni uchunguzi wa makini kuliko ule wa kliniki ya kawaida, na kwa waliokuwa hawajatambuliwa, kama wale wa Hai, ni jina la ugonjwa na njia ya kuelekea matibabu. Kwa sayansi, faida imekuwa kubwa. Mwaka 2023, kwa kutumia sampuli za washiriki 1,123 wa PPMI, watafiti walionyesha kwamba kipimo cha maji ya uti wa mgongo kinaweza kutambua alfa-sinukleini iliyoharibika, protini inayorundikana katika seli za ubongo za wagonjwa, kwa takriban wagonjwa 88 kati ya 100. Kabla ya hapo ugonjwa huu ulitambuliwa zaidi kwa macho na mikono ya daktari, na sasa unaweza kuonekana ndani ya mwili wa mtu aliye hai.

*Kujitoa na milango.* Ni rahisi kuacha, na kwa kawaida ushiriki wako hapa hauzuii ushiriki mwingine wowote. Kinyume chake, kumbukumbu zako zilizokusanywa vizuri hurahisisha kukubaliwa kwenye majaribio baadaye.

*Anayefaa.* Karibu kila mtu, pamoja na asiyeumwa. Watafiti huhitaji watu wazima wenye afya wa kuwalinganisha na wagonjwa, na mara nyingi huwakosa. Mke au mume wa mgonjwa, ambaye kila kliniki hukaa kwenye benchi akisubiri, angeweza kuwa mshiriki kamili.

Utafiti wa vinasaba

*Unachotoa.* Kwa mwili, ni mate katika kichupa au damu kidogo. Kwa maana pana zaidi unatoa habari zisizo zako peke yako, kwa kuwa vinasaba vyako unavichangia na wazazi, ndugu na watoto, ambao hawakutia saini fomu yoyote. Kwa hiyo naona ni uungwana kuzungumza nao kabla, hasa watoto waliokwisha kuwa watu wazima.

Hapa ndipo kujitolea kwa Mwafrika kuna uzito wa pekee. Kwa miaka mingi sampuli zilizochunguzwa zilitoka zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, na majibu yakachukuliwa kuwa ya wanadamu wote. Mwaka 2023 jarida la Lancet Neurology lilichapisha utafiti uliohusisha wagonjwa 1,488 wenye asili ya Afrika, wengi wao wakiwa Wanigeria, wakilinganishwa na maelfu ya watu wasio na ugonjwa. Ulibainisha tofauti katika jeni ya GBA1 ambayo karibu haionekani kabisa kwa Wazungu: mwenye nakala moja ana uwezekano wa kupata Parkinson wa takriban mara 1.5 ya asiye nayo, na mwenye nakala mbili takriban mara 3.5. Hata namna tofauti hiyo inavyoathiri mwili ni nyingine kuliko zile zilizokuwa zikijulikana. Dawa zinazolenga GBA1 tayari zinatengenezwa, na kama Wanigeria wale wasingejitolea, zingeendelea kubuniwa kwa kufuata miili isiyofanana na yetu.

Kazi hiyo ilikuwa sehemu ya GP2, mpango wa kimataifa ulioanza mwaka 2019 kwa lengo la kuchunguza vinasaba vya watu zaidi ya 150,000. Afrika Mashariki pia inaguswa na TraPCAf, mradi wa kuboresha huduma na utafiti wa Parkinson barani Afrika, unaofadhiliwa na taasisi ya utafiti wa afya ya Uingereza, NIHR, na kuzishirikisha nchi saba za Afrika, zikiwemo Kenya na Tanzania.

*Hatari na usumbufu.* Sindano si kitu. Hatari iko kwenye taarifa. Uliza sampuli itahifadhiwa nchi gani, nani ataruhusiwa kuitumia, na kama itatumika kwa tafiti nyingine ambazo hazijabuniwa bado. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sampuli ikishavuka mpaka hutegemea pia mkataba uliotiwa saini baina ya taasisi. Wasomaji walioko Marekani wajue kwamba sheria ya mwaka 2008, iitwayo GINA, huwakinga dhidi ya ubaguzi wa waajiri na bima ya afya, lakini haigusi bima ya maisha, ya ulemavu wala ya matunzo ya uzeeni.

*Unachopata.* Inategemea. Baadhi ya tafiti hazimrudishii mshiriki majibu yake. Nyingine, kama PD GENEration iliyoanzishwa Marekani mwaka 2019, hupima jeni saba bila malipo na kumpa mtu majibu pamoja na mshauri wa vinasaba wa kumfafanulia. Tofauti hiyo ni kubwa, nawe huna sababu ya kuiacha bila kuiulizia. Kumbuka pia kwamba wagonjwa wengi hawakutwi na jeni yoyote inayojulikana, na kwamba mtu mwenye jeni hizo anaweza kuishi hadi uzeeni asiugue.

*Kujitoa na milango.* Unaweza kuomba sampuli yako iharibiwe, lakini matokeo yaliyokwisha kuingizwa katika hesabu za pamoja na kuchapishwa hayaondolewi. Kwa upande wa milango, utafiti huu hufungua zaidi ya unavyofunga, kwa kuwa yapo majaribio ya dawa yanayopokea tu wenye mabadiliko katika jeni za GBA1 au LRRK2.

*Anayefaa.* Mgonjwa wa hatua yoyote, hata aliyelala kitandani. Mwenye ukoo wenye wagonjwa kadhaa. Na aliyeanza kuugua kabla ya kufika miaka 50. Hamfai anayejijua kwamba jibu baya kuhusu watoto wake litamnyima usingizi, isipokuwa utafiti huo uwe haurudishi majibu, naye awe ameridhika hivyo.

Majaribio ya dawa na upasuaji

*Unachotoa.* Muda mwingi na mwili wenyewe. Majaribio hupitia awamu tatu. Ya kwanza hutafuta usalama kwa watu wachache, ya pili hutafuta kipimo cha dawa na dalili za kufaa, na ya tatu hulinganisha dawa na isiyo dawa kwa mamia ya watu. Washiriki hugawanywa kwa bahati nasibu, na kwa kawaida wewe na daktari wako hamtajua kama ulichopewa ni dawa au ni kidonge kitupu kinachofanana nayo. Katika Parkinson kidonge kitupu hakikwepeki, kwa kuwa matumaini yenyewe huuamsha mwili wa mgonjwa: mwaka 2001 watafiti wa Vancouver walionyesha kwa picha za ubongo kwamba mgonjwa anayeamini amepewa dawa hutoa dopamini hata kama hakupewa chochote.

*Hatari na usumbufu.* Hapa yafaa kusema bila kupamba. Katika jaribio la dawa iitwayo deferiprone, inayoondoa madini ya chuma mwilini, lililochapishwa mwaka 2022, wagonjwa 372 wapya ambao hawakuwa wameanza levodopa waligawanywa makundi mawili kwa wiki 36. Waliopewa dawa walizidiwa kuliko waliopewa kidonge kitupu: 22 kati ya 100 walilazimika kuanzishiwa matibabu ya dopamini kwa kuwa hali ilizorota, dhidi ya chini ya 3 kati ya 100 upande wa pili. Jaribio la exenatide, dawa ya kisukari, nchini Uingereza, lililodumu wiki 96 na kuwahusisha watu 194, lilitoa majibu mwaka 2025 kwamba dawa haikuleta nafuu, ingawa majaribio madogo ya awali yalikuwa yametia moyo. Katika upasuaji, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001 ulihusisha wagonjwa 40, ambao nusu yao walipandikizwa seli za kijusi na nusu wakatobolewa fuvu bila kupandikizwa kitu. Baadaye baadhi ya waliopandikizwa walipata mitukutiko ya viungo isiyozuilika.

Nataja hayo kwa sababu washiriki hao walitoa kitu cha thamani kweli. Wale 372 ndio waliotuonyesha kwamba kuondoa madini ya chuma mwilini, wazo lililokuwa na mantiki nzuri kwenye karatasi, humdhuru mgonjwa asiye na levodopa. Ila mtu anayeingia aingie akijua kwamba jaribio ni jaribio, na kwamba daktari wa utafiti, hata awe mkarimu kiasi gani, kazi yake ya kwanza ni kujibu swali la kisayansi.

*Unachopata.* Huenda dawa mpya ikakufaa, na huenda usipate kabisa. Utapata uangalizi wa karibu, na nauli kwa kawaida hurudishwa. Kwa mgonjwa wa Afrika Mashariki, ambako levodopa yenyewe ni ghali kwa familia nyingi na haipatikani kila duka la dawa, lipo jambo la kutahadhari: utafiti unaotoa dawa bure hufanana na matibabu, kisha unaisha. Kabla ya kutia saini uliza, na uandikiwe, kama utaendelea kupewa dawa baada ya jaribio kwisha na kwa muda gani. Uliza pia ni bima gani itakayolipa ukidhurika.

*Kujitoa na milango.* Unaweza kuacha wakati wowote, ingawa dawa nyingine hupunguzwa polepole, na mwenye kifaa au seli ndani ya ubongo hawezi kurudi alikotoka. Milango ndiyo hoja kuu. Majaribio mengi ya kuzuia ugonjwa huwataka waliogunduliwa karibuni na ambao hawajaanza levodopa, na siku unapoanza dawa nafasi hiyo huondoka. Aliyewekewa kifaa cha kusisimua ubongo kwa umeme hukataliwa na majaribio mengi. Aliyemaliza jaribio moja hutakiwa kusubiri miezi kadhaa kabla ya jingine, na aliyepandikizwa seli huenda asikubaliwe tena popote. Pamoja na hayo, sikubaliani na ushauri wa kumchelewesha mgonjwa anayehitaji levodopa ili tu abaki na sifa ya kuandikishwa. Mtu asiyeweza kufunga vifungo vya shati wala kushika kijiko anahitaji kutibiwa leo.

*Anayefaa.* Mwenye uelewa kamili wa anachosaini, mwenye mtu wa kumsindikiza, anayeishi karibu na kituo, na anayeweza kupokea jibu la "dawa haikufaa" bila kuvunjika moyo. Si majaribio yote yanayowataka wapya tu. Uingereza imeanzisha mpango wa EJS ACT-PD, unaolenga kuandikisha watu 1,600 na kujaribu dawa zaidi ya moja kwa pamoja, ukianza na telmisartan na terazosin, ambazo zimekuwa zikitumika kwa miaka mingi kwa magonjwa mengine na kwa hiyo madhara yake yanajulikana vizuri.

Majaribio ya mazoezi

*Unachotoa.* Jasho na nidhamu. Katika utafiti wa SPARX wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2018, watu 128 ambao hawakuwa wameanza dawa waligawanywa makundi matatu kwa miezi sita: wanaotembea kwa nguvu juu ya mashine hadi moyo ufike asilimia 80 hadi 85 ya uwezo wake, wanaotembea kwa kadiri, na wanaoendelea na maisha yao ya kawaida. Dalili za kundi la kwanza zilikaribia kusimama pale pale, na za kundi la tatu zikaongezeka. Jaribio kubwa zaidi, SPARX3, liliandaliwa kwa watu 370 ili kuthibitisha jambo hilo. Huku kwetu, kaskazini mwa Tanzania, wagonjwa ambao hawakuwa wamewahi kutumia dawa yoyote walifundishwa kutembea kwa kufuata mdundo, na mwendo wao ukaboreka. Ripoti yake ilitoka mwaka 2010.

*Hatari na usumbufu.* Kuanguka, maumivu ya maungo, na kwa wenye maradhi ya moyo, hatari ya kweli inayodai kipimo cha moyo kabla ya kuanza.

*Unachopata.* Kwa maoni yangu hii ndiyo aina ambayo mshiriki hana uwezekano mkubwa wa kuondoka mikono mitupu, kwa sababu hata anayeangukia kundi la ulinganisho huweza kubaki na ujuzi anaoweza kuutumia nyumbani bila kununua kitu. *Kujitoa na milango:* kuacha ni rahisi, na kwa kawaida hakuna mlango unaofungwa, isipokuwa kwamba hutaandikishwa katika jaribio la dawa kwa wakati uleule. *Anayefaa* ni anayeweza bado kusimama na kutembea, hasa yule ambaye hataki kemikali isiyojulikana mwilini mwake lakini anataka kujaribiwa jambo, si kuchunguzwa tu.

Ahadi ya kutoa ubongo

*Unachotoa.* Maishani unatoa saini, taarifa zako za matibabu, na pengine vipimo vya kila mwaka. Baada ya kufa unatoa ubongo, na wakati mwingine uti wa mgongo. Miili ya Lewy, yaani madonge ya protini ndani ya seli ambayo ndiyo alama ya ugonjwa huu, iligunduliwa mwaka 1912 kwa kuchunguza ubongo wa waliokufa, na hadi leo uthibitisho wa mwisho wa Parkinson hupatikana hivyo hivyo. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watano aliyeambiwa akiwa hai kwamba ana Parkinson hukutwa baada ya kufa kuwa alikuwa na ugonjwa mwingine unaofanana nao. Kila utafiti mwingine uliotajwa juu unasimama juu ya ujuzi huo.

*Hatari na usumbufu.* Kwako hakuna. Kwa familia upo mzigo, kwa kuwa ubongo lazima uchukuliwe haraka, kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili, katika saa zile zile ambazo watu wanalia na simu zinapigwa. Kwa Waislamu, ambao huharakisha maziko na kuuheshimu mwili wa maiti usikatwe pasipo dharura, wanazuoni wametofautiana, na mwenye nia amwendee sheikh anayemwamini akiwa bado mzima. Wakristo nao wengi hupenda kumuaga marehemu jeneza likiwa wazi. Hilo bado linawezekana, kwa kuwa uso hauharibiwi.

*Unachopata.* Wewe huoni faida, lakini familia inaweza kuomba ripoti ya kilichokutwa, na kwa watoto wanaohofia urithi wa ugonjwa, ripoti hiyo inaweza kuwa na maana kubwa. *Kujitoa na milango:* unaweza kufuta ahadi wakati wowote, na haikuzuii kushiriki aina nyingine yoyote. Waliowahi kushiriki tafiti nyingine ndio wenye ubongo wa thamani zaidi, kwa kuwa historia yao imeandikwa. *Anayefaa* ni anayeishi mahali penye benki ya ubongo. Uingereza ipo ya Parkinson's UK, katika Imperial College London, inayopokea wagonjwa na wasio wagonjwa; barani Afrika kazi ya namna hiyo imeanzishwa Ibadan, Nigeria. Fahamu kwamba kadi ya kuchangia viungo haitoshi, kwani uandikishaji wa benki ya ubongo ni wa peke yake.

Kuchagua kulingana na hali yako

Ukiwa umegunduliwa katika miezi hii na daktari wako anaona levodopa inaweza kusubiri kwa usalama, nafasi uliyonayo ni adimu. Anza na vinasaba na ufuatiliaji, kisha ulizia majaribio ya dawa na ya mazoezi kabla ya kuanza dawa, huku mkikubaliana na daktari ni dalili gani zikitokea utaanza dawa bila kusubiri tena.

Ukiwa umetumia dawa kwa miaka mingi, usijione umepitwa. Tafiti kuhusu kuanguka, usingizi, choo, kumbukumbu, na saa zile ambazo dawa hukatika nguvu huwataka watu kama wewe. Ukiwa unafikiria kuwekewa kifaa cha kusisimua ubongo, ulizia majaribio kwanza, maana baada ya upasuaji orodha hupungua sana.

Mgonjwa ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoka bado anaweza kushiriki tafiti nyepesi, lakini ridhaa yake ichukuliwe mapema, akiwa na mtu wa familia aliyemteua mwenyewe, na uso wake ukionyesha kukataa siku ya kipimo, kipimo kisifanyike hata kama karatasi ilisainiwa.

Kwa anayeishi Moshi, Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, majaribio ya dawa mpya za Parkinson ni machache, wakati tafiti za ufuatiliaji na vinasaba ndizo zinazomhitaji sana sasa. Njia ya kuaminika ni kumuuliza daktari bingwa wa mishipa ya fahamu katika hospitali ya rufaa kama kuna utafiti unaoandikisha watu, na kuutafuta katika Daftari la Majaribio ya Kitabibu la Afrika Nzima, PACTR. Utafiti unaokutaka ulipe fedha ili ushiriki, au unaoahidi kuponya, achana nao.

Aliyeko Ulaya au Amerika ya Kaskazini ana chaguo zote tano, na orodha ya ClinicalTrials.gov iko wazi kwa yeyote. Yeye pia ana asili ambayo tafiti za huko zinaikosa, kwa hiyo asisite kumwuliza mratibu kama fomu zinaweza kusomwa pamoja na mkalimani wa Kiswahili kwa ajili ya mzazi asiyejua lugha ya nchi.

Na usiye mgonjwa, ukiwa mwenza, mtoto au jirani, mlango wako wa kwanza ni kundi la ulinganisho katika utafiti wa ufuatiliaji au wa vinasaba. Siku ya kliniki, unapomsindikiza mgonjwa wako, mwulize muuguzi wa utafiti: "Je, mnahitaji pia watu wasioumwa?"